Hedifoni za Mwanangu na Siri Niliyoificha Bondeni

Mpendwa mshauri Bi Faudhia,

Shikamoo. Kwanza niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu, maana barua hii ilitakiwa uipate mwezi wa tano na sasa ni wa nane, nimeianza mara nne, ya kwanza mtoto mdogo akaimwagia uji, ya pili nikaichana mwenyewe, na hizo nyingine nilikuwa nikifika pale penye ukweli naiweka chini. Leo naiandika mpaka mwisho. Nikikosea utanisamehe, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, gazeti nalipata dukani kabla halijafungiwa maandazi.

Naitwa Kudra, nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kibiti, nimeolewa huku Mkongo, mume wangu anaitwa Shaabani. Tuna watoto wawili, wa kwanza ni Mwamvua ana miaka sita, wa pili bado ananyonya na usiku halali, kwa hiyo ukiona nimeruka neno ujue nilisinzia. Mwamvua aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili, akapona, lakini masikio yakapungua nguvu. Mwaka juzi tukapata wafadhili, akawekewa mashine za masikio Dar es Salaam, zile zinazokaa nyuma ya sikio na kampira kanaingia ndani. Bi Faudhia, siku ile alishtuka kusikia kandambili zake mwenyewe zinapiga sakafu, akawa anatembea anarudi, anatembea anarudi, mpaka nesi akatoa machozi. Tukapewa pia mwalimu wa kumfundisha kutamka, Mwalimu Johari, na kwa kuwa tuko mbali hututumia masomo ya sauti kwenye simu, yeye anasema neno, ananyamaza kidogo, Mwamvua analirudia.

Sasa huku kwetu mpunga ukitoa masuke tunahamia bondeni, familia nzima, tunakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti chenye ngazi. Kazi ni kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, tangu kunapambazuka, na kila dungu lina debe lake. Ndege wakishuka unapiga debe taratibu, unapiga unaimba, unapiga unasema na jirani. Lakini akionekana tembo, debe linapigwa la haraka haraka bila kupumzika, dungu la pili linalipokea, na la tatu, mpaka bonde zima linalia, na kila aliye chini anapanda juu, hakuna cha kuuliza ni nini. Mtoto wa huku analijua debe la tembo kabla hajajua kuhesabu kumi.

Kwa Mwamvua yale madebe yakawa mateso, maana mashine zake zilikuwa zinamletea yote kichwani. Alikuwa analia, anaziba masikio, anazing'oa, siku moja nilizikuta ndani ya kinu, ningetwanga. Mavyaa wangu, mama yake Shaabani, akasema, "Mtoto ana masikio mabovu, nyie mnamwekea ya kuongeza makelele. Mna akili kweli nyie?" Na masomo ya Mwalimu Johari yakawa hayasikiki, huku madebe, huku mashine ya kuvuta maji ya jirani. Tulikuwa na hedifoni za waya, nazo waya ulinasa kwenye ngazi ya dungu, mtoto akabaki ananing'inia shingo imepinda. Nilizikata kwa kisu siku hiyo hiyo.

Basi Shaabani alipokwenda Kibiti kuuza ufuta akarudi na hedifoni za rangi ya waridi, hazina waya, zinashika blutuu ya simu. Alinunua mnadani kwa kijana mmoja anaitwa Ridhiwani, elfu thelathini na tano. Alivyokuwa na furaha, Bi Faudhia, hata begi hajatua.

"Mama Mwamvua, hizi zinakata kelele. Jamaa kanihakikishia, ukizivaa hata wakupigie ngoma pembeni husikii."

"Mbona rahisi hivyo?"

"Wewe nawe! Rahisi unalalamika, ghali unalalamika."

Tukamvalisha juu ya mashine zake. Zikatoa mluzi mkali, mpaka mavyaa akatoka nje akidhani ni mgambo wanamkimbiza mtu. Shaabani akasema labda zinataka kuzoewa, akaenda zake shambani upande wa pili. Mimi nikabaki na mtoto analia, mwingine analia mgongoni, ndege wanashuka. Ndipo nikafanya nilichofanya. Nikamvua Mwamvua mashine zake, nikazifunga kwenye pindo la kanga, nikamvalisha hedifoni tupu na sauti nikaifungulia mpaka mwisho. Mtoto akanyamaza. Halafu akatabasamu. Halafu akasema, "Samaki," kwa sababu ndilo neno la somo. Nilikaa chini nikalia kwa raha.

Kuanzia hapo nikawa nafanya hivyo kila asubuhi, na baba yake akirudi mashine nimeshazirudisha, namwambia kweli zinakata kelele. Sikumwambia nazitoa. Shaabani ndiye aliyelala siku tatu kwenye varanda ya hospitali akisubiri zile mashine, na alishanambia, "Hizi zisitoke kwa mtoto ila kwa kulala na kuoga." Yeye akawa anajisifia zile hedifoni bonde zima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, jua limeshapanda. Mimi niko juu namnyonyesha mdogo, Mwamvua yuko chini mferejini anaosha kibakuli chake, amevaa hedifoni, mgongo ameupa matete. Debe la dungu la kina Sihaba likaanza. Sikulitilia maanani, nikadhani ndege. Kumbe ni lile la haraka. Likapokelewa, likapokelewa tena, nikaona watu wanakimbia kama wamemwagiwa maji ya moto, nikainuka, na matete yakafunguka nyuma ya mwanangu.

Niliita. Niliita mpaka leo koo langu halijarudi sawa. Bonde zima lilimwita, kila dungu, "Mwamvua! We Mwamvua!" na yeye anazungusha mkono ndani ya kibakuli, anaosha vizuri kama nilivyomfundisha. Tembo akasimama. Kutoka alipokuwa mpaka kwa mwanangu ni kama kutoka mlangoni kwangu mpaka jiko la nje. Sijui Shaabani alitokea wapi. Nilichoona ni mtu anapita kwenye tope anamnyakua mtoto kiunoni kama mzigo wa kuni, na tembo akatikisa masikio, akageuka, akapita zake ndani ya mpunga wetu.

Alipomfikisha kwenye ngazi, Mwamvua alikuwa anasema, "Samaki. Samaki." Somo lilikuwa bado linaendelea.

Shaabani akamvua zile hedifoni. Akaangalia masikio ya mtoto, hayana kitu. Akaniuliza, "Mashine ziko wapi?"

Mshauri, zilikuwa kwenye pindo la kanga yangu, nazisikia zinanigusa tumboni. Nikamwambia, "Zimedondoka ulipomnyakua."

Akarudi. Akarudi kule kule kwenye nyayo za tembo, akapiga magoti kwenye tope, akatafuta mpaka adhuhuri, anapapasa majani moja moja, watu wanamwambia toka, yule mnyama hajaenda mbali, hasikii. Mchana nikashuka, nikainama, nikajifanya nimeziokota mimi. Alinishukuru. Alinishika mikono yote miwili na mikono yake ya tope akanishukuru.

Tangu siku hiyo mume wangu si yule. Anakula matonge mawili anaosha mikono. Hedifoni kazifunga kwenye mfuko kaupachika darini, anasema, "Nilimnunulia mwanangu kifo kwa hela yangu." Na ameshaamua kwamba kabla ya mvua za vuli Mwamvua aende Kibiti akaishi kwa mama yangu mpaka apate akili za kikubwa. Mama yangu ni mtu mwema ila simu hajui hata kuipokea, macho yenyewe hayaoni vile vibetri, na amepanga nyumba ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Mwanangu akienda huko maneno aliyonayo yatapotea, nalijua hilo kama ninavyojua jina langu, na mimi nitakuwa nimemtoa mikononi mwangu kwa uongo wangu.

Wiki mbili zilizopita nikasikia jambo lililonikausha mate. Yule Ridhiwani wa mnadani sasa anauza kwa kutumia habari yetu! Anapaza sauti kwenye spika yake, "Hedifoni zilizomziba mtoto mpaka hakumsikia tembo ndizo hizi! Mwenye shaka aende Mkongo akaulize!" Na watu wananunua. Juzi Sihaba, jirani yangu yule yule wa dungu, akaja kunishukuru. Amemnunulia baba yake, Mzee Zaidi, ambaye ana mashine sikio moja na anashinda ameketi barabarani anauza machungwa, bodaboda zinapita hapo kama nyuki.

Akaniuliza, "Shoga, mbona kwa mzee zinapiga mluzi? Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Nikamjibu, "Unaitoa mashine kwanza."

Yametoka mdomoni kabla sijayawaza. Akasema ahsante, akaenda. Nimekaa siku mbili sijamfuata.

Naomba unisaidie, Bi Faudhia. Niambie hedifoni gani hasa ninunue, za bei ya mtu wa chini, zisizo na waya, zinazokata kelele kweli na zinazovalika na mtoto mwenye mashine, maana nikimwonyesha baba yake kwamba zipo pengine mtoto hatapelekwa. Na lile jingine, la kumwambia au kunyamaza, nalo nishauri, ila naomba usinigombeze sana, nimechoka.

Wako,
Kudra, mama Mwamvua, Mkongo.

*

Kudra mwanangu,

Marahaba. Pole, na nitakugombeza. Barua yako nilianza kuisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama katikati ya chumba na miwani mkononi. Nimekulilia wewe, nimemlilia yule baba kwenye tope, kisha nikafika kwa Mzee Zaidi na machozi yakakauka. Siku mbili? Umejua siku mbili kwamba mzee wa watu ameketi kando ya barabara hana sikio hata moja, nawe unaniandikia mimi? Gazeti hili halitoki leo, kwa hiyo nimekupigia kwenye ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha, na nimekwambia mdomoni ninachokirudia hapa ili na wengine wasome: barua ya kuomba ushauri inaweza kusubiri, mtu aliye hatarini kwa neno lako hasubiri. Kwa Sihaba unakwenda kwanza, kwa miguu, hata kama mtoto ananyonya njiani.

Sasa nikwambie jambo ambalo naona hujalijua mpaka leo, shika kitu usianguke. Zile hedifoni hazikati kelele. Hazijawahi kukata hata mlio wa mbu. Kilichokata kelele ni wewe ulipomvua mtoto mashine zake. Alitulia kwa sababu alirudi kwenye ukimya wake wa zamani, na alimsikia Mwalimu Johari kwa sababu ulimfungulia sauti mpaka mwisho. Huniamini? Ziteremsheni darini. Mtu mzima mwenye masikio mazima azivae bila kuwasha kitu chochote, mwingine apige debe. Mtapata jibu kabla debe halijapoa.

Na hiyo sauti ya mpaka mwisho imenitisha kuliko tembo. Tembo alipita akaenda zake. Sauti kubwa kila asubuhi ndani ya sikio la mtoto ambaye amebakiwa na usikivu kidogo inakula kile kidogo kilichobaki, na kikiliwa hakirudi. Usirudie, hata kwa dakika tano, hata akitabasamu.

Nimezungumza na mtaalamu wa usikivu kabla ya kukujibu. Alipouliza mtoto alirudishwa lini kupimwa na kurekebishiwa mashine, nilitafuta kwenye barua yako sikuona tarehe. Kudra, hukwenda, sivyo? Mtoto akilia kwa sababu ya mashine zake, huo si ukorofi na wala mashine si adui. Ni habari anayokuletea. Fundi wake anaweza kuishusha ile mashine kwa kelele za ghafla na kubwa, madebe yasimuumize, huku maneno akiendelea kuyasikia. Ni kazi ya muda mfupi, na ndiyo dawa ya madebe. Hedifoni siyo dawa ya madebe. Hata zile za kweli zinazokata kelele hukata kelele ya kuvuma moja kwa moja, kama ya mashine ya maji ya jirani yako, au injini ya basi. Debe linalopigwa paa! zinaliachia lipite.

Umeniuliza za kununua, nakujibu, maana kwa masomo ya simu zitamfaa. Achana na vile vidude vya kuchomeka sikioni, pa kuchomeka hapapo, mashine ipo. Achana na zile zinazolalia juu ya sikio na kulibana, hizo zinakandamiza vitundu vya mashine na ndizo zinazopiga mluzi. Tafuta zenye vikombe vikubwa na virefu kwa ndani, vinavyomeza sikio lote pamoja na mashine nyuma yake bila kuigusa. Ziwe za mtoto, zenye kikomo cha sauti kisichopandishwa. Kukata kelele kuwe kwa kuwasha na kuzima kwa kitufe, na kabla ya kulipa muuzaji akuwashie karibu na jenereta, uzivae wewe mwenyewe, azime, awashe. Usiposikia tofauti, rudisha. Kisha umvalishe mwenye mashine, mashine zikiwa masikioni na zimewaka, atafune kitu, ageuze shingo, acheke. Mluzi ukilia, si zake. Bei kubwa si lazima, za bei ya kati zipo zinazofaulu haya yote, na nyingine za bei mbaya hazifaulu. Na kabla hata ya kufika dukani muulize fundi wa mashine kama za Mwamvua zinaweza kushika simu zenyewe. Zipo zinazoweza. Ikiwa ndivyo, utakuwa umejisumbua kutafuta kitu ambacho mtoto anacho nyuma ya sikio tangu mwaka juzi.

Ila hata ukipata zilizo bora, chini shambani hazivaliwi. Hapana. Hata mara moja. Somo lifanyike juu ya dungu mtu mzima akiwa pembeni, au nyumbani mlango umefungwa. Akishuka ngazi, masikio ni ya mashine peke yake.

Nimebakiza la mumeo, nawe unajua kwa nini. Umeniuliza umwambie au unyamaze. Mwanangu, huyu mtu anashinda njaa kwa kosa lako. Anataka kumpeleka binti yake mbali kwa kosa lako. Unatafuta hedifoni nzuri zaidi ili zikusemee, na hakuna hedifoni itakayosema "zilikuwa kwenye pindo la kanga yangu". Utasema wewe. Usimwambie nusu nusu, usianze na uchovu wako, ingawa naujua na ni wa kweli, hakuna mwenye haki ya kukucheka kwa kilio cha watoto wawili na ndege wanashuka. Kumvua mashine ilikuwa ni kuelemewa. Kumwacha apapase tope, hilo ni jingine, na ndilo la kuanza nalo. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee, usilie ili akubembeleze. Mtoto asihamishwe na mtu yeyote mpaka arudishwe kwa fundi wake wa mashine, na hilo mwambie kwa sauti ya mama mwenye nyumba, si ya mwomba radhi.

Wenzangu wawili hapa gazetini walioisoma barua yako wameshaniuliza wakusaidie vipi. Nimewaambia wangoje. Ukishasema na Sihaba, ukishasema na Shaabani, niandikie unachohitaji kitumwe, kitu kwa kitu, bila haya. Kabla ya hapo sipokei orodha.

Bi Faudhia

*

Bi Faudhia,

Shikamoo. Safari hii sikuchelewa.

Kwa Sihaba nilikwenda siku ile ile uliyonipigia. Nilimkuta Mzee Zaidi kwenye machungwa yake, hedifoni za waridi kichwani juu ya baraghashia, nikamsalimia mara tatu hakuitika. Sihaba akatoka nyumbani kwao hapo nyuma, aliponisikiliza akashika kiuno, "Kwa hiyo wewe mwenzangu ulitaka kuniulia baba, halafu ungekuja kupika pilau ya msiba?" Akakimbia ndani akaja na mashine ya mzee ndani ya kikombe. Mzee alipovaa akasema, "Kumbe mnagombana! Mimi nilidhani mnaimba." Sihaba hajanisamehe bado, ila jana ameniletea ndimu.

Shaabani nilimwambia baada ya sala ya Ijumaa. Nilianza na kanga kama ulivyosema. Hakupiga kelele. Alikaa, halafu akasema, "Miezi mitatu naomba toba ya kosa lako, Kudra?" Akatoka, akazunguka nyumba sijui mara ngapi, mavyaa anaita, haitiki. Aliporudi akapanda darini akateremsha ule mfuko. Akazivaa mwenyewe, zile za waridi, akanambia, "Piga." Nikachukua debe nikapiga moja tu. Aliruka mpaka kigoda kikaanguka. "Kelele zote! Nimezisikia zote!" Mavyaa akasema, "Ridhiwani huyo amekula ufuta wetu," na ndipo nikamwona mume wangu anacheka, halafu si kucheka tena, akageukia ukutani, nikamwacha.

Akaniuliza tena, "Mashine ziko wapi?" Safari hii nikamwekea mkononi. Akaanza kumvalisha Mwamvua yeye mwenyewe, hajawahi, akashika ya kushoto akaipeleka kulia. Mtoto akamsukuma mkono. "Baba. Nyekundu huku." Ndiyo, yenye alama nyekundu ni ya kulia. Baba yake hakujua, na mimi sikujua kama mtoto anajua kusema nyekundu.

Shaabani bado hasemi na mimi kama zamani. Anasema ya lazima. Lakini kula anakula, na Kibiti hakutajwi tena. Kliniki tumepangiwa Jumatano ya tarehe kumi na saba, anakwenda yeye na Mwamvua, mimi nabaki na mdogo. Mnadani amekwenda, amesimama mbele ya spika ya Ridhiwani akasema yote, pamoja na langu. Watu wananitazama nikipita. Acha wanitazame.

Umesema niandike bila haya. Ninavyohitaji bado ni hivi:

Betri za mashine zake, zile ndogo za duara zenye kibandiko cha rangi ya chungwa, pakiti nne, huku hazipatikani na tulizonazo ni mbili zilizobaki.

Vimrija vya kupitisha sauti, jozi mbili, cha kushoto kimekuwa kigumu kama mfupa.

Kopo la kukaushia mashine usiku lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu, maana umande wa bondeni unaingia kila kitu.

Kamba ya kuzifunga mashine kwenye nguo kwa nyuma, ili akiinama mferejini zisianguke kweli.

Karatasi yenye picha, maandishi makubwa, inayoonyesha namna ya kuvaa na kubadili betri, mbili, moja ya mavyaa, ameiomba mwenyewe.

Hedifoni usitume. Hizo baba yake atazichagua huko huko mjini, karibu na jenereta, Mwamvua akiwa na mashine zake masikioni, na mtoto ndiye atakayesema kama anasikia.

Kudra